Vitenzi vya Kimichif kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaojifunza Kimichif hukifikia kwa kupitia Kiingereza au Kifaransa, na wakitokea huko kitenzi chake huwatisha: neno moja lina mtenda, mtendwa, wakati na nia, yote yamebanana. Anayesema Kiswahili hana sababu ya kutishika. Kila siku anasema "hatukuwaambia" na wala hajioni kuwa amefanya ajabu. Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yake. Panapofanana na Kiswahili tutapita haraka, na pale ambapo Kiswahili hakina msaada tutakaa zaidi.

Kimichif ni lugha ya nani?

Ni lugha ya Wametisi, watu walioibuka katika nyanda za Kanada magharibi kutokana na ndoa za wafanyabiashara wa manyoya waliosema Kifaransa na wanawake wenyeji, wa Kikree na wa Kisoto. Makazi yao makubwa yalikuwa kando ya mto Red River, ambako leo kuna jiji la Winnipeg, na kutoka huko walisafiri kwa misafara kuwinda nyati. Wenye historia wanawakumbuka kwa upinzani wa 1869 na 1870 uliozaa mkoa wa Manitoba, kisha kwa vita vya Batoche vya 1885 na kunyongwa kwa kiongozi wao Louis Riel mwaka huohuo mjini Regina. Baada ya hapo wengi walitawanyika. Leo Kimichif kinasemwa hapa na pale katika Manitoba na Saskatchewan, na ng'ambo ya mpaka, Turtle Mountain, katika jimbo la North Dakota la Marekani. Wanaokijua vizuri ni wachache, na wengi wao ni wazee.

Je, si Kifaransa kilichoharibika tu?

Hapana, na ni vyema jambo hili likasemwa wazi kwa sababu Wametisi wameambiwa hivyo kwa vizazi. Lugha iliyoharibika hupoteza sarufi. Kimichif kimebeba sarufi mbili zikiwa nzima: nomino, pamoja na vibainishi vyake vya kiume na kike, zinafuata Kifaransa, vitenzi vinafuata Kikree cha nyanda, pamoja na minyambuliko yake yote migumu. Mtu aliyekuwa hajui vizuri lugha zote mbili asingeweza kujenga kitu hiki.

Kwa nini vitenzi vilibaki vya Kikree?

Peter Bakker, mwanaisimu aliyechapisha uchunguzi mkubwa wa lugha hii mwaka 1997, alieleza kwamba sababu iko ndani ya kitenzi chenyewe. Kitenzi cha Kikree kimeshikamana kiasi kwamba huwezi kuchomoa mzizi wake, ukaweka mzizi wa Kifaransa mahali pake, na kazi ikaendelea. Kwa hiyo watoto wa familia zilizosema lugha zote mbili, walipotengeneza lugha yao, walikichukua kitenzi kizima kizima. Nomino ilikuwa rahisi kubadilishwa, na ikabadilishwa.

Kitenzi kinajengwa kwa mpangilio gani?

Mwanzoni kuna kiambishi cha nafsi, kisha vijenzi vya wakati na nia, kisha shina, na mwishoni viambishi vinavyokamilisha habari ya nani na nani. Tazama neno hili:

ni-kii-nohtee-nipaan: nilitaka kulala

*Ni-* ni mimi. Ndiyo, ni sawa na yetu, ingawa ni sadfa tupu. *Kii-* inaonyesha kuwa jambo limepita. *Nohtee-* ni kutaka. *Nipaa* ndilo shina la kulala, na *-n* ya mwisho inakwenda pamoja na *ni-* ya mwanzo. Hapa ndipo penye tofauti ya kwanza: Kiswahili huweka nafsi mahali pamoja, mbele, na kuimaliza. Kimichif huigawa, nusu mbele, nusu nyuma. Ukisikia mwanzo peke yake hujapata habari yote.

Nafsi zinakwendaje?

Chukua kulala:

ninipaan: ninalala
kinipaan: unalala
nipaaw: analala
ninipaanaan: tunalala (wewe haumo)
kinipaanaan: tunalala (wewe umo)
kinipaanaawaaw: mnalala
nipaawak: wanalala

Mambo matatu ya kushika. Nafsi ya tatu haina kiambishi mbele. Ukikutana na kitenzi kinachoanza na shina moja kwa moja, ni yeye au wao. Pili, wingi huonekana nyuma: *-ak* kwa wao, *-naawaaw* kwa ninyi. Tatu, "sisi" ziko mbili.

Shina likianza na irabu, *ni-* haikai hivyohivyo. Katika Kikree hupata *t* katikati, na katika Kimichif kinachosemwa mara nyingi hubaki *d* tu. Ndiyo maana mtu akijitambulisha husema *dishinihkaashon*, yaani naitwa, na huioni *ni-* popote. Imo, imemezwa.

"Sisi" mbili? Nitajuaje niseme ipi?

Jiulize: ninayezungumza naye yumo? Kama mimi na mke wangu tunakwenda kulala na mgeni anabaki sebuleni, namwambia mgeni *ninipaanaan*. Kama sote tunakwenda kulala, ni *kinipaanaan*. Utakutana na wanaomalizia kwa *-naanaw* katika hii ya pili, kama ilivyo katika Kikree, yote yanaeleweka. Shika herufi ya mwanzo. *Ki-* maana yake "wewe umehusika", na kanuni hiyo itakurudia mbele kwenye sehemu ngumu kuliko zote.

Wakati unaonyeshwaje?

Hapa Kiswahili kimekufanyia kazi yote. Kama *li* na *ta* zetu, vijenzi vya wakati huja baada ya nafsi na kabla ya shina:

ninipaan: ninalala
nikii-nipaan: nililala
nika-nipaan: nitalala
niwii-nipaan: nataka kulala, niko karibu kulala

Kwa nafsi ya tatu wakati ujao huwa *ta-*: *ta-nipaaw*, atalala. Kwa hili huhitaji msaada wa mwalimu yeyote.

Baada ya wakati huweza kufuata vijenzi vya namna ya kutenda, na hivi ni vingi: *kakwee-* kujaribu, *maachi-* kuanza, *kiishi-* kumaliza, *pee-* kuja huku kwa msemaji. Vinapangwa kimoja baada ya kingine. Anayejifunza akishapata vitano au sita, na mashina kumi, ana sentensi nyingi kuliko anavyodhani.

Nimesikia vitenzi viko vya aina nne. Ni zipi?

Maswali mawili ndiyo yanayozigawa. Kitenzi kina mtendwa au hakina? Na anayehusika ni hai au si hai? Kisicho na mtendwa hutazama uhai wa mtenda. Chenye mtendwa hutazama uhai wa mtendwa.

Kulala ni kitenzi cha mtenda hai kisicho na mtendwa. Kunyesha, *kimiwan*, ni kitenzi cha kisicho hai: hakina mimi wala wewe. *Niwaapamaaw* ni kumwona aliye hai. *Niwaapahteen* ni kukiona kisicho hai. Hayo mawili ya mwisho kwetu yote ni kuona, tunabadilisha *mw* na *ki* tu. Kwao shina lenyewe linageuka, *waapam-* na *waapaht-*, na miisho inageuka nayo:

Li shyaen niwaapamaaw: namwona mbwa
Lii shyaen niwaapamaawak: nawaona mbwa
La mayzoon niwaapahteen: naiona nyumba

Kula kuna sura tatu. *Miichishow* ni anakula, basi, bila kutaja chakula. *Nimiichin* ni nakila kitu kisicho hai, kama nyama, *la vyaand*. Samaki, *li pwesoon*, huhesabiwa hai hata akiwa kwenye sahani, kwa hiyo ni *nimowaaw*. Jifunze kila kitenzi pamoja na mwenzake tangu mwanzo. Ukijifunza kimoja leo na mwenzake mwaka ujao, ulimi utakuwa umekwisha kuzoea vibaya.

Kipi ni hai na kipi si hai?

Watu na wanyama ni hai, hilo halina utata. Baada ya hapo ni urithi wa Kikree, na Kikree huhesabu jiwe kuwa hai, na kiko cha tumbaku, na soksi, na mkate. Kimichif kilipochukua neno la Kifaransa kwa kitu fulani, kwa kawaida neno hilo lilirithi uhai wa neno la Kikree lililokuwapo kabla yake. Wasemaji hawaafikiani katika kila neno, na kwa maneno ya vitu vipya tofauti huongezeka.

Kwa hiyo nomino ya Kimichif ina ngeli mbili kwa wakati mmoja. Kibainishi chake, *li* au *la*, kinatazama jinsia ya Kifaransa. Kitenzi chake, na neno la kuonyeshea, *awa* kwa hai na *ooma* kwa kisicho hai, vinatazama uhai wa Kikree. Je, inashangaza? Sema "kiboko huyu amelala". Umbo la neno ni la KI-VI, upatanisho wake ni wa A-WA, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayekosea. Kipofu, kiongozi, kijana, wote wako hivyo. Tumeishi na nomino zenye nyuso mbili tangu tulipojifunza kusema.

Nani anamwona nani? Mbona "waniona" na "nakuona" yote yanaanza na ki-?

Hili ndilo swali kubwa, na ndipo pa kukaa.

Katika Kiswahili nafasi ndiyo inayosema. Kinachotangulia ni mtenda, kinachofuata ni mtendwa: *ni-na-mw-ona*, *a-na-ni-ona*. Badilisha nafasi, umebadilisha habari. Kikree, na Kimichif kwa kurithi, hakifanyi hivyo. Kina ngazi ya nafsi: wewe uko juu, mimi niko chini yako, yeye yuko chini yetu sote. Kiambishi cha mwanzo huchukuliwa na aliye juu zaidi kati ya wawili wanaohusika, awe anatenda au anatendwa. Kisha kijenzi kinachofuata shina ndicho kinachosema kitendo kinakwenda upande gani.

niwaapamaaw: namwona
niwaapamik: ananiona
kiwaapamaaw: unamwona
kiwaapamik: anakuona
kiwaapamin: unaniona
kiwaapamitin: nakuona

Soma mistari miwili ya kwanza tena. Yote ina *ni-*, kwa sababu kati yangu na yeye, mimi niko juu. *-aa-* inasema kitendo kinashuka, kutoka kwangu kwenda kwake. *-ik* inasema kinapanda, kutoka kwake kuja kwangu. Mistari miwili ya mwisho yote ina *ki-*, kwa sababu wewe umo, na ukiwamo huachii nafasi ya mbele kwa yeyote. *-in* ni wewe kwangu, *-itin* ni mimi kwako.

Kosa linalowapata karibu wote wanaotoka Kiswahili ni kusikia *kiwaapamitin* na kudhani ni "unaniona", kwa sababu sikio letu limefundishwa kwamba wa kwanza ndiye mtenda. Dawa ni kuacha kutafsiri sehemu kwa sehemu. Sema maneno hayo sita kwa sauti, na kila moja uwe na mtu mbele yako au picha yake, mpaka maana ije kabla ya hesabu. Kisha fanya hivyohivyo kwa kusaidia, *wiichih-*: *niwiichihaaw* namsaidia, *niwiichihik* ananisaidia, *kiwiichihin* unanisaidia, *kiwiichihitin* nakusaidia. Miisho haibadiliki. Ukiijua kwa vitenzi viwili, umeijua kwa mamia.

Sasa unganisha na yale ya mwanzo: *kikii-nohtee-wiichihitin*. Nilitaka kukusaidia. Anayetaka ni mimi, anayesaidia ni mimi, na neno linaanza na wewe.

Kuna watu husema ngazi hii inaonyesha adabu ya Wakree, kwamba msikilizaji hutangulizwa. Mimi ningejizuia. Sarufi hufuata njia zake, na lugha nyingine za ukoo huohuo wa Kialgonkwini zina ngazi hiyo kwa watu wa desturi tofauti. Inatosha kuiona ilivyo: ni mashine ya ajabu na inafanya kazi.

Na kama wanaohusika wote ni "yeye"?

Kiswahili kikisema "Juma alimwona Ali alipotoka nje", aliyetoka nje ni nani? Hatujui, tunategemea muktadha. Kimichif hakikubali utata huo. Kati ya wawili walio nafsi ya tatu, mmoja huwa ndiye wa habari, na mwingine husogezwa kando. Aliyesogezwa hupewa alama, kwa majina ya watu mara nyingi *-wa*, na vitenzi vyake hupata umbo lake.

Marii waapameew Pyeer-wa: Maria anamwona Petro.

Ukiendelea kwa kusema *nipaaw*, anayelala ni Maria. Ukisema *nipaayiwa*, anayelala ni Petro. Na *waapamik*, bila kiambishi mbele, humfanya yule wa kando kuwa ndiye anayemwona wa habari. Katika hadithi ndefu yenye watu wengi, msimuliaji hodari humweka mmoja mbele, humrudisha nyuma, humleta mwingine, na msikilizaji hapotei hata mara moja.

Anayeanza asijilazimishe kutumia hili mapema. Alitambue anapolisikia, inatosha.

Kwa nini kitenzi kilekile mara nyingine kinakosa ni- na ki- mbele?

Kwa sababu kila kitenzi kina mipangilio miwili. Ule tuliotumia mpaka sasa ni wa sentensi inayosimama peke yake. Wa pili hutumika katika vishazi tegemezi, katika maswali ya nani, nini na wapi, na mara nyingi mno katika kusimulia. Huu hauweki nafsi mbele kabisa. Mbele huwekwa *ee-*, na nafsi yote huhamia nyuma:

ee-nipaayaan: nikiwa nalala
ee-nipaayen: ukiwa unalala
ee-nipaat: akiwa analala
ee-nipaayaahk: tukiwa tunalala (wewe haumo)
ee-nipaayeek: mkiwa mnalala
ee-nipaachik: wakiwa wanalala

Badala ya *ee-* waweza kuweka *kaa-* ukapata kirejeshi: *li pchi garsoon kaa-nipaat*, mvulana mdogo anayelala. Weka *chi-* upate kitu cha karibu na "nilale, alale". Ondoa vyote, ongeza *-i* mwishoni, upate "iki-": *kimiwahki*, ikinyesha mvua. Nasi tuna *analala, akilala, anayelala, alale*. Kitenzi chetu pia hubadilika kufuatana na kazi yake katika sentensi. Kipya hapa ni kwamba seti nzima ya nafsi hubadilika.

Vitabu vingi huanza na mpangilio wa kwanza na kuufundisha kwa muda mrefu kabla ya kuugusa wa pili. Nadhani ni makosa. Sikiliza mzee yeyote akisimulia na utasikia *ee-* kila mahali, hata katika sentensi zisizo tegemezi. Mwanafunzi aliyeachwa na mpangilio mmoja huweza kuzungumza na ubao wa darasa, lakini hamfuati bibi yake akizungumza jikoni. Jifunze yote miwili kwa pamoja, hata kama ni kwa vitenzi vitatu tu.

Naamrishaje?

Toa shina lenyewe: *nipaa!* lala. Kwa wengi: *nipaak!* laleni. Kwa kujijumuisha: *nipaataan!* tulale. *Miichisho!* kula. Na *wiichihin!* nisaidie. Kuna pia amri ya baadaye, inayomalizia kwa *-hkan*, ya kumwambia mtu afanye jambo wakati mwingine na si sasa hivi.

Nakanushaje, na naulizaje?

Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi. Kimichif huweka neno nje: *nama* mbele ya mpangilio wa kwanza, *eekaa* kwa mpangilio wa pili. *Nama ninipaan*, silali. Kwa mara ya kwanza utaona Kimichif ni chepesi kuliko lugha yako.

Swali la ndiyo au hapana hupata *chii*: *Kinipaan chii?* Unalala? Maswali mengine huanza na neno la kuulizia na hufuatwa na mpangilio wa pili.

Vivumishi navyo ni vitenzi?

Vingi ndivyo. Kuwa kikubwa ni *mishaaw* kwa kisicho hai, kuwa mkubwa ni *mishikitiw* kwa aliye hai. Hali ya hewa pia: *kimiwan* mvua inanyesha, *mishpon* theluji inaanguka. Ila vivumishi vilivyokaa karibu na nomino, kama *pchi* hapo juu, vimekuja na Kifaransa pamoja na nomino zao.

Hakuna kitenzi chochote cha Kifaransa?

Vipo vichache, hasa vya kuwa. *Si*, ndiyo hii au ndiyo hiyo, husikika sana. Havinyambuliwi kama vile vya Kikree. Vimekaa kama maneno yaliyoganda.

Mbona neno moja linaandikwa kwa njia tatu?

Kwa sababu hakuna tahajia moja iliyokubaliwa na wote. Kamusi ya Turtle Mountain iliyochapishwa 1983, kazi ya Patline Laverdure na Ida Rose Allard, inaandika kwa mtindo unaofuata masikio ya Kiingereza. Wengine hufuata Kifaransa. Ukurasa huu unafuata mtindo wa irabu mbili, unaohusishwa na Rita Flamand wa Camperville, Manitoba: irabu ndefu huandikwa mara mbili.

Usizidharau hizo irabu mbili. Katika Kikree kilichozaa vitenzi hivi, *nipiy* ni maji na *niipiy* ni jani. Urefu nao hutofautisha nafsi: *-yaan* ya mpangilio wa pili ni mimi, fupi yake, *-yan*, ambayo katika Kimichif ni *-yen*, ni wewe. Na *h* iliyo kabla ya konsonanti, kama katika *niwaapahteen*, itamkwe isikike, kama pumzi fupi kabla ya *t*.

Kimichif ni kimoja kila mahali?

Hapana. Kile cha Île-à-la-Crosse, kaskazini mwa Saskatchewan, kina Kikree kingi zaidi na nomino za Kifaransa chache. Kuna pia Wametisi, kama wa St. Laurent huko Manitoba, ambao lugha yao ya asili ni Kifaransa cha namna yao, nao huiita Michif vilevile. Kabla hujachukua rekodi au kitabu, uliza kimetoka wapi. Vitenzi tulivyoeleza hapa ni vya kile cha kusini, chenye nusu mbili.

Afrika Mashariki kuna lugha ya namna hii?

Iko, na ni ya karibu. Katika milima ya Usambara, Tanga, Wambugu wana lugha yao ya ndani, Kima'a. Sarufi yake ni ya Kibantu, inafanana sana na ya Kipare: ngeli, viambishi, minyambuliko. Maneno yake mengi, hata hivyo, ni ya asili ya Kikushi, na mengine ya Kimaasai. Maarten Mous ndiye aliyeichambua kwa kina.

Ukiziweka pamoja utaona jinsi zilivyochanganya kwa njia tofauti. Kima'a kinapitisha mstari ndani ya neno: viambishi vya huku, mizizi ya kule. Kimichif kinapitisha mstari kati ya maneno: nomino za huku, vitenzi vya kule, kila kimoja na viambishi vyake. Kitenzi cha Kibantu kinakubali mzizi mgeni bila ugomvi, ndiyo maana sisi husema "ameripoti", kwa mzizi wa Kiingereza, na "amepiga", kwa mzizi wetu, kwa viambishi vilevile. Cha Kikree hakikubali kirahisi. Huenda hiyo ndiyo sababu ya mistari miwili kupita mahali tofauti.

Naweza kusikia wapi vitenzi hivi vikisemwa?

Taasisi ya Gabriel Dumont, iliyoko Saskatoon, imeweka kwenye intaneti kamusi yenye sauti, pamoja na hadithi na masomo. Sikiliza kabla ya kusoma. Rekodi nyingi ni za wazee wanaojulikana na jamaa zao, na baadhi wamekwisha kufariki. Ukitaka kuzitumia kwa lolote zaidi ya kujifunza, omba ruhusa kwanza.

Nianze na vitenzi vipi?

Anza na salamu, kwa sababu ndani yake mna mengi ya yaliyotangulia. *Taanishi* ni salamu. *Taanishi eshinihkaashoyen?* Unaitwaje? Hapo una mpangilio wa pili: hakuna *ki-* mbele, *-yen* iko nyuma, na *i* ya mwanzo wa shina imegeuka *e*, jambo ambalo maswali ya aina hii hufanya. Jibu ni jina lako, kisha *dishinihkaashon*: mpangilio wa kwanza, *ni-* imemezwa, *-n* imebaki. *Kiya maaka?* Na wewe je? *Taande ee-wiikiyen?* Unaishi wapi?

Baada ya salamu, chukua kulala na kula kwa nafsi zote katika mipangilio yote miwili. Kisha kuona na kusaidia, na usiondoke hapo mpaka zile sura sita zitoke zenyewe. Ukifika hapo ongeza *kii-*, *wii-*, *nohtee-* na *kakwee-*, kimoja kimoja, juu ya mashina uliyonayo. Obviativu, yaani lile umbo la yeye wa kando, iache mpaka uwe umesikiliza hadithi kadhaa; ukishazisikiliza, rudi kwenye *nipaaw* na *nipaayiwa* na ujaribu kusema nani amelala.